Mwaka Nilipokipa Kitunga Sauti

Jumamosi iliyopita tulimlilia Papa Anselme kule Ndosho, mtaa wa Goma, kwenye kiwanja cha mawe meusi mbele ya nyumba yake ya mbao, chini ya mahema mawili ya kukodi. Nilifika kwa gari langu mwenyewe, na sioni sababu ya kuficha hilo. Niliondoka mji huu kupitia mpaka wa Bunagana na mfuko mmoja wa plastiki, nikarudi na diploma, na kila gurudumu la gari lile nimelinunua bila kumpigia mtu magoti. Waliniketisha mstari wa pili, wakanipa sahani ya wali na maharagi. Nilikuwa nimeanza kula wakati msimamizi wa matanga, yule mwenye kushika kipaza sauti na kuita watu wamtolee marehemu ushuhuda, alipolitaja jina ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka kumi na minne: Guylain. Akainuka kutoka nyuma, tumbo limemtangulia, miwani mipya usoni, akashika kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho. “Papa Anselme alikuwa rafiki ya kazi yetu,” akasema. “Papa alikuwa haone, lakini sisi tukasema hapana, huyu muzee naye anunue kama watu wote. Miye na équipe yangu, watu yangu ya kazi, tukamutengenezea duka yenye kusema. Kitunga! Ya kwanza mu Goma muzima.” Watu wakaitikia, “Eee, Mungu akubariki, papa.” Kijiko kikasimama mkononi mwangu. Nikamwita msimamizi kwa kidole, nikamwambia aandike jina langu. Akasema mbele yangu wako watu watatu. Nikasema nitangoja. Nilikuwa nimengoja miaka kumi na minne. Watu watatu ni nini?

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka Kampala, ambako nilisuka nywele za watu kila mchana ili nisome kila jioni, nikapata diploma katika fani ambayo Goma nzima hakuna aliyejua kama ipo: kutengeneza programu za simu ili mtu yeyote aweze kuzitumia, msomi na asiyesoma, mwenye macho na asiye nayo. Diploma ile nilikuwa nimeiweka ndani ya fremu kabla hata ya kupata ukuta wa kuitundika. Nilipata kazi Birere, kwenye ofisi ya juu ya duka la vitenge, ngazi zake zikiwa nyembamba hata mtu mnene alipanda kwa ubavu. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa na ukuta wa mbao. Upande mmoja alikaa Papa Désiré, mwenye kampuni, tuliyemwita Patron. Upande wa pili tulikaa Guylain, chef wa informatique, yaani mkuu wa mambo ya kompyuta, na mimi. Mchana sote watatu tulikula juu ya meza ya Guylain, bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye sahani moja, kwa sababu Patron alisema watu wanaokula sahani moja hawawezi kusalitiana. Guylain alikuwa na tabia ya kuzungumza huku akichambua miiba, na alikuwa akichagua samaki wakubwa kwanza. Nilipaswa kumsoma mtu yule pale pale kwenye sahani.

Kampuni ilikuwa na duka la ndani ya simu lililoitwa Kitunga, yaani kikapu. Ungeweza kununua humo kila kitu cha mji huu: jibini ya Masisi, sambaza wa Kituku, makala ya kupikia, vitenge, viatu, betri. Hivyo ndivyo ilivyodaiwa. Kwa kweli hakuna mtu aliyeweza kununua kitu bila kumpigia Guylain simu aje amsaidie. Ukikifungua Kitunga, kwanza kwaya ilianza kuimba, kwa sababu Patron aliipenda, na ule wimbo ulikula vocha yako kabla hujaona bei ya nyanya. Halafu maua yalianza kuanguka kutoka juu ya kioo. Chini ya maua ilikuwapo picha ya Patron akikaribisha watu. Chini ya Patron, mke wa Patron. Chini yake, mama mkwe wa Patron, aliyekuwa ametoa mtaji kidogo mwanzoni. Halafu wenye hisa, mmoja mmoja, kila mtu na suti yake. Halafu pasta aliyekibariki Kitunga siku ya kwanza. Bidhaa zenyewe zilianza huko chini ambako kidole kinachoka, zimeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu juu ya rangi ya njano. Kitufe cha kulipia kilikuwa kimejificha chini ya kilemba cha mama mkwe. Nawaapia. Ukimgusa mama yule kichwani, ulikuwa umelipa.

Wiki ya kwanza niliandika kurasa sita za makosa, nikazipeleka kwa Guylain nikiwa na furaha ya mtu anayedhani atapongezwa. Akasoma mistari miwili. “Mama Diplome,” akasema, na jina hilo likanishika tangu siku ile, “huku haiko Kampala. Watu wa Goma wanapenda kitu yenye kuwaka. Mutu akiingia mu duka akute kweupe, atasema patron amefilisika.” Nikamwambia mtu hawezi hata kuona nyanya. “Nyanya ataona sokoni,” akasema. Nikapeleka kurasa zangu upande wa pili wa mbao. Patron hakuwa mjinga, hilo lazima nikiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna shingo, akasema, “Mutoto wangu, ulishaenda ku ndoa?” Nikasema ndiyo. “Basi unajua meza ya mbele. Ile page ya kwanza ni meza ya mbele. Wale watu niliwakalisha mimi mwenyewe. Leo nimutoe mama mukwe, nimupeleke nyuma na watoto? Weye ndiye utaenda kumuambia?” Hapo nikaelewa kwamba sikuwa na tatizo la rangi wala herufi. Ule uchafu wote ulikuwa heshima. Kila picha ilikuwa kiti ambacho mtu alikuwa amekikalia, na katika mji huu mtu hatolewi kitini.

Aliyenipa silaha alipanda ngazi mwenyewe, asubuhi moja, akigonga kila kipandio na fimbo. Alikuwa mzee mrefu, koti limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, macho yamefumba. Alisimama mlangoni akasema, “Niko mwalimu Anselme. Nilifundisha Rutshuru mpaka macho ilinikatala. Nimekuja kushitaki duka yenu, inanitukana.” Guylain akaanza kucheka ndani ya kiganja. Mzee akatoa simu yake mfukoni. Simu nyingi huwa na msemaji wa ndani, anayesoma kwa sauti kitu kilichoandikwa chini ya kidole. Ndivyo wasioona wanavyozitumia. Lakini Guylain hakuwa ameandika chochote nyuma ya vitufe vyake, alikuwa amebandika picha tu. Mzee akapitisha kidole juu ya Kitunga, na simu ikasema, kwa Kifaransa cha mtu mwenye mafua: “Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe.” “Munasikia?” mzee akasema. “Nilitaka majani ya chai. Nikabonyeza kitufe, nikasema Mungu ataongoza. Wameniletea viatu ya mwanamuke. Ya kisigino!” Guylain akacheka waziwazi. Mzee akageuza uso kuelekea kicheko kile, akangoja kiishe, kama mwalimu anavyongoja darasa. “Mwanangu,” akasema, “mutu anacheka kipofu akiwa na hakika macho yake atazikwa nayo.” Mimi sikucheka. Nilichukua koti langu, nikamshika mzee mkono, nikateremka naye ngazi.

Miezi minne nilifanya kazi yangu halisi katika nyumba ile ya Ndosho. Chumba cha mbele kilikuwa na viti viwili, meza yenye kitambaa cha kushonwa, redio, na cherehani ya Clarisse, binti yake, aliyekuwa fundi, akitoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni. Katikati ya hapo Papa Anselme alikuwa peke yake. Alinieleza jambo hilo bila kulalamika, akinimiminia chai na kidole kimoja ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. “Clarisse ananinunulia yote,” alisema. “Sabuni, mukate, hata wembe. Mutoto muzuri. Lakini tangu miaka saba sijachagua kitu. Unaelewa, Espé? Kukula nakula. Kuchagua, hapana.” Nilielewa. Nilifunga macho yangu kwa kitambaa nikajaribu kutumia Kitunga kile chao, nikajikuta nimelipia makala mara mbili. Kisha nikaanza upya. Nilitoa kwaya, nikatoa maua, nikaandika herufi kubwa nyeusi juu ya weupe, nikaweka vitu vinne tu kwenye ukurasa, kila kimoja kikubwa kama kiganja, kila kimoja mahali pake siku zote, ili kidole kijue njia hata bila jicho. Na kwa sababu yule msemaji wa simu hakujua Kiswahili, nilimpumzisha. Nilirekodi sauti yangu. Nilijifunika blanketi kichwani mchana kweupe, juu ya kiti cha Papa Anselme, nikasema neno moja moja: Chakula. Nguo. Vya nyumbani. Rudi nyuma. Lipa. Ukisikiliza vizuri ile “Rudi nyuma” unasikia chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inapita nje na mtu anamtukana mwenye nayo. Papa Anselme alitaka niiache hivyo. Alisema inampa hakika kwamba duka liko Goma.

Tulipofika kwenye anwani, ndipo nilipofanya kitu ambacho mpaka leo najivunia kuliko diploma. Fomu ya Guylain ilikuwa imenakiliwa kutoka nchi za watu, ikidai namba ya nyumba na namba ya posta, na haikukuruhusu kupita bila kujaza. Katika mji huu! Watu waliandika mwaka wao wa kuzaliwa, au namba ya kiatu, na vijana wa pikipiki walizunguka na mizigo mpaka jua linazama. Nilimwuliza Papa Anselme, “Mtu akitaka kuja hapa, unamwambiaje?” Akasema bila kufikiri, “Ukifika ku rond-point ya mikate, pale barabara inazunguka, uliza mama mwenye kuuza mafuta, ye anajua. Pita kanisa yenye haina dari, utaona mulango ya bati ya kijani, piga hodi kwa nguvu ju ya kelele ya redio.” Nikafuta fomu yote. Nikaweka kitufe kimoja, na sauti yangu ikasema: “Sema unapokaa.” Mteja anaongea, kijana wa pikipiki anasikiliza njiani. Siku ya kwanza tuliyoijaribu, mlango ulipigwa kwa nguvu, na Papa Anselme akapokea robo kilo ya majani ya chai aliyoyachagua mwenyewe. Aliyanusa muda mrefu. Kisha akasema, “Si mazuri sana,” akacheka mpaka akatoa kitambaa. Alikuwa amepata haki ya kukosea.

Ilibaki meza ya mbele. Niliingia kwa Patron siku aliyokuwa na mama mkwe wake, nikamsalimu mama yule kwa magoti mawili, nikasema, “Mama, watu wadogo wanapita mbele yenu wakitafuta nyanya, hawana adabu. Nimewajengea salon ya VIP, sebule ya wakubwa.” Nikamwonyesha: ukurasa wa peke yake, wa dhahabu, na maua yote, na kwaya, na pasta, na yeye katikati na kilemba chake chote. Kitufe chake kiko pembeni, kidogo. Mama akauliza, “Kila mutu anaweza kuingia?” Nikasema, “Mwenye heshima tu, mama.” Akamgeukia mkwe wake: “Désiré, ju ya nini ulikuwa unaniweka ku barabara?” Kwa juma moja wenye hisa wote walidai wahamishwe. Ukimwambia mtu wa Goma toka mbele, umeanzisha vita. Mwambie ingia VIP, atakukanyaga. Ukurasa wa kwanza ukabaki mtupu na safi kama sahani iliyooshwa, na katika salon ile sijui kama aliwahi kuingia mteja hata mmoja.

Sasa sikilizeni nilicholipwa. Ilikuwa zamu yangu kunawa mikono kabla ya chakula, nilikuwa nimesimama karibu na ukuta wa mbao, na upande wa pili walikuwa wakizungumza juu ya siku ya uzinduzi. “Espé ndiye atasema,” ilikuwa sauti ya Patron. “Kazi ni yake.” Guylain akajibu polepole, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma: “Patron, kutakuwa watu wakubwa. Mwanamuke, tena mutoto, tena amesoma kwa jirani. Watasema sisi hapa hatuna wanaume wa informatique? Acha niseme mimi. Yeye tutamuweka ku protocole, apokee wageni. Iko na sura ya muzuri.” Nilingoja Patron aseme neno moja. Akasema, “Utamutaja jina lakini.” “Patron! Nitamutaja.” Kisha Guylain akaja upande wetu, akaketi, akavuta sahani, akachukua samaki mkubwa. “Karibu, Mama Diplome,” akasema. Nikakaribia. Nikala. Nilitaka nimwangalie vizuri.

Uzinduzi ulikuwa Himbi, kwenye hoteli ya kando ya ziwa, viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Nilisimama mlangoni na kitenge cha protokole na utepe kifuani, nikasema karibu mpaka taya zikauma, na kutoka pale nikamsikia Guylain akieleza kazi yangu. Alieleza vizuri kuliko mimi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema, “Nilijiuliza: mutu wa Goma anasemaje anwani yake?” Alisema, “Nilifunga macho yangu kwa kitambaa.” Kisha akampandisha Papa Anselme jukwaani, na mzee, kwa koti lake lililofungwa mpaka juu, akaagiza mkate mbele ya watu mia, na sauti yangu ikajaza ukumbi: Chakula. Lipa. Sema unapokaa. Watu wakasimama kupiga makofi. Papa Anselme akaomba kipaza sauti. “Espé iko wapi?” akauliza. “Yule mwenye kusema humu. Asimame karibu yangu.” Guylain akakichukua kipaza sauti mkononi mwake taratibu. “Iko na wageni, papa. Ni équipe, ni sisi wote.” Jina langu halikutajwa siku ile. Patron alikuwa akiangalia viatu vyake.

Mtu mwingine angelia. Mwingine angeacha kazi kesho yake. Mimi niliendelea kula nao sahani moja kwa miezi miwili, nikicheka mzaha wa Guylain, nikimwachia samaki. Nilijua kitu kimoja ambacho yeye, chef wa informatique, hakuwahi kukiuliza: sauti zile zilikaa wapi. Nafasi ya kampuni kule mtandaoni ilikuwa imejazwa na video za Patron akikata tepe, kwa hiyo tangu Ndosho sauti zangu nilizihifadhi kwenye nafasi yangu mimi, kwa jina langu, na Kitunga kila kilipofunguliwa kilikwenda kuziomba kule. Nilikuwa mlango, nao hawakujua.

Siku ikafika. Kutoka Kinshasa walikuja wageni watatu waliotaka kuingia na Patron katika biashara na kukipeleka Kitunga nchi nzima. Chumba cha mkutano, saa nne asubuhi, jua linawaka ziwani. Mimi mlangoni, protokole, sinia la juisi mezani, simu yangu mkononi. Guylain hakumwita tena Papa Anselme. Alitaka sifa yote ibaki kwake. Akalegeza tai yake, ya hariri nyekundu, akaipandisha, akajifunga nayo macho. Wageni wakacheka kwa furaha. “Sasa,” akasema, “miye ni kipofu. Musikilize.” Akashika simu juu. Mimi nikabonyeza mara mbili, mara moja ya kufuta na mara moja ya kuthibitisha. Akagusa Kitunga. Kimya. Akagusa tena. Akatabasamu kwa upande ambao hapakuwa na mtu. Akasugua kioo na kiganja, akagusa kwa nguvu, kidole kikaanza kukimbia huku na huku, na jasho likaonekana likishuka chini ya tai. Mgeni mmoja akasema kwa upole mkubwa, “Ndugu, duka yako imelala.” “Ni réseau, mtandao imekatika,” Guylain akasema, bado amefunga macho, akigeuka kumtafuta Patron, akagonga meza, juisi ikamwagika juu ya makaratasi ya wageni. “Guylain,” Patron akasema, “toa kravate.” Akaivuta ikakwama puani. Alipofungua macho, mtu wa kwanza aliyemwona ni mimi, nimesimama wima na utepe wangu. Nikamwuliza, “Nikuletee serviette, chef?”

Wageni walirudi Kinshasa na ndege ya kesho yake. Guylain alitafuta kosa wiki nzima asilipate, Patron akamvua uchef, na hakuna aliyewahi kunishuku, kwa kuwa nani anamshuku mtu wa protokole? Nikaondoka mwishoni mwa mwezi ule nikiwa mwepesi. Nikajenga duka langu mwenyewe, na wauzaji wa Kitunga wakanifuata mmoja mmoja, na leo nina ofisi ya ghorofa mbili Katindo na vijana kumi na mmoja wenye diploma ambao nawatahini mwenyewe. Kisa cha tai nimewasimulia wote. Wanapokiomba tena nakirudia. Kitu kimoja tu kiliniudhi: duka langu lilipokuwa tayari, mtu wa kwanza niliyempelekea ni Papa Anselme. Akanikaribisha chai, akanisifu, akakataa hata kugusa simu. “Nimezeeka, Espé. Ipe vijana.” Niliona ni kukosa shukrani. Nikapunguza kwenda, kisha nikaacha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani Jumamosi, nikiyapanga kama mawe mkononi. Watu wawili walikuwa wameshatoa ushuhuda, wa tatu alikuwa anaimba. Nilikuwa nimechagua sentensi zangu. Ningelitaja jina la Guylain mara tatu, mara ya mwisho polepole. Ndipo Clarisse akaja na kiti chake, akaketi karibu yangu, nguo nyeusi, macho yamevimba, akanishika goti, akaniita yaya, dada mkubwa.

“Yaya Espé, umekuja. Nasikia wamesema Kitunga, nikakumbuka. Sasa papa amelala, naweza kukuambia. Alinikataza.”

“Nini, Clarisse?”

“Aliiharibu. Ile sauti yako. Siku moja nilimuacha asubuhi anataka kuagiza mukate, nikarudi magaribi nikamukuta palepale, simu ku magoti. Anasema, Clarisse, nimebonyeza fasi mubaya, nimezima sauti ya mutoto wa watu. Siku tatu, yaya. Anabonyeza, anasikiliza. Anabonyeza. Siku ya ine simu akaifunga mu kitambaa akaweka chini ya kitanda. Anasema, usimuambie Espé, alijisumbua sana, atasikia vibaya kama muzee mumoja ameivunja. Na ulipoleta ile mupya,” akacheka kidogo katikati ya machozi, “aliogopa. Alisema asikuharibie mara ya pili.”

Nilikuwa na diploma ya swali moja tu. Lile swali ni: nani mwingine, mahali pengine, kidole chake kiko juu ya kitufe hiki sasa hivi? Siku ile niliangalia mtu mmoja mwenye tai machoni, na sikuliuliza. Halafu nikakirudia kisa kile miaka kumi na minne mezani, na vijana wangu walicheka zaidi pale pa tai.

“Tunamuita Mama Espérance,” msimamizi akasema, “mwanamuke mwenye kuheshimisha mji yetu.”

Nikaenda. Guylain akanitabasamia kutoka kitini, kama mtu anayemsalimu mwenzake wa zamani, na nikaona hana hata wasiwasi. Picha ya Papa Anselme ilikuwa mezani, koti limefungwa mpaka juu. “Lile duka yenye kusema,” nikasema, “niliitengeneza miye. Humu, mu nyumba hii. Sauti ilikuwa yangu, na hakuna équipe. Guylain anajua.” Vichwa vikamgeukia. Tabasamu likamtoka, akashusha macho mpaka chini, na sitawadanganya wasomaji wangu: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kama nilivyoitarajia tangu Himbi. Ningeweza kurudisha kipaza sauti pale, nikarudi kwenye kiti changu na ushindi wote mkononi, na hakuna mtu chini ya mahema yale ambaye angejua.

“Na siku ilinyamaza,” nikasema, “Papa Anselme hakuharibu kitu. Hakubonyeza fasi mubaya. Miye niliizima, kwa mukono yangu, nimesimama ku mulango, ju ya kumupatisha haya huyu ndugu.”

Guylain ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Aliniangalia kama mtu anayehesabu miaka. Mama mmoja nyuma akasema, “Yesu wangu.” Nilimtafuta Clarisse. Hakuwa akiniangalia. Alikuwa ameinuka, amekwenda mpaka mezani, ameinama karibu na ile picha, na midomo yake ilikuwa inacheza polepole, kama mtu anayemwambia mwingine kitu sikioni.